Kompyuta ya gemu kwa bajeti ndogo: chagua mashine ya mtumba kwanza, kadi ya grafiki baadaye

Wanaoanza wengi wanakwama mahali pamoja. Mtu anakusanya hela, anakwenda Kariakoo au Luthuli Avenue, ananunua kadi ya grafiki (ile inayochora picha za gemu) aliyoisikia ikisifiwa, kisha ndipo anatafuta kompyuta ya kuichomeka. Akifika nyumbani anakuta kadi ni ndefu kuliko kasha. Au kadi inataka waya wa pini sita ambao pawa saplai yake, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, haina. Au monita yake ni ya VGA, lile tundu la zamani la picha, na kadi haina VGA. Anarudi dukani, na muuzaji anamwambia bidhaa ikishafunguliwa haipokelewi.

Mwongozo huu unageuza mpangilio huo. Tunaanza na vitu ambavyo ni vigumu kubadilisha, yaani kasha, pawa saplai na prosesa (ubongo wa kompyuta), halafu kadi inafuata kulingana na nafasi na umeme uliopo.

Nazungumzia kompyuta za ofisi za mtumba: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre. Zinaingia kwa wingi kutoka Ulaya na Dubai, zimetengenezwa kudumu, na unapata prosesa, ubao mama, kasha na pawa saplai kwa pamoja kwa bei ya chini sana kuliko kununua kimoja kimoja kikiwa kipya. Ukichagua vizuri utacheza GTA V, eFootball, Valorant, Counter-Strike 2 na Dota 2 kwenye skrini ya 1080p bila kukwamakwama. Gemu kubwa za miaka hii kwenye mipangilio ya juu zinahitaji bajeti nyingine kabisa, na muuzaji anayekuahidi vinginevyo anataka hela yako tu.

## Andaa vitu hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Bajeti iliyogawanywa mafungu matatu: mashine, kadi ya grafiki, kisha RAM (kumbukumbu ya muda) na SSD (diski ya kasi). Weka pia akiba ndogo ya adapta na nyaya.
- Rula au futi ya kupimia.
- Bisibisi ya nyota.
- Flashi yenye programu za CPU-Z, GPU-Z, CrystalDiskInfo na FurMark. Zote ni za bure.
- Simu yenye bando na tochi.
- Picha ya matundu ya nyuma ya monita au TV yako.
- Karatasi yenye majina ya gemu tatu unazotaka kucheza kwanza.

Usiidharau hiyo karatasi. Bila gemu tatu kuandikwa, dukani utauziwa kile ambacho muuzaji anataka kiondoke.

## Hatua ya 1: Chagua umbo la kasha

Mashine za ofisi zinakuja kwa maumbo matatu. Kuna taawa, lile kasha refu linalosimama. Kuna SFF, jembamba, ambalo mara nyingi hulazwa chini ya monita. Na kuna ile ndogo kama kitabu, inayoitwa Micro, Mini au Tiny kutegemea kampuni.

Ile ndogo iache kabisa. Haina tundu la kadi ya kawaida ya grafiki, RAM yake ni ya laptopu, na umeme wake unatoka kwenye adapta ya nje. Kwa kazi za ofisi ni nzuri mno. Kwa gemu itakufungia njia.

Nunua taawa ukiweza. Kadi ya urefu wa kawaida inaingia, hewa inapita, na mkono wako unaenea ndani. SFF inakubalika ikiwa bei imekupendeza, lakini inapokea kadi fupi tu, zile zenye bamba la nyuma la sentimita 8 badala ya 12. Kadi hizo ni chache sokoni, na huwa ghali kuliko wenzake wa ukubwa wa kawaida. Zaidi ya hapo, kwenye baadhi ya SFF lile tundu refu la kadi limebanana na pawa saplai, hivyo kadi nene inayochukua nafasi mbili haikai.

Umefaulu ikiwa umefungua ubavu wa kasha, umeona tundu refu la PCI Express x16, na umepima kwa rula urefu uliopo kutoka bamba la nyuma hadi kizuizi cha kwanza. Andika kipimo hicho. Utakihitaji hatua ya 4.

## Hatua ya 2: Soma namba ya prosesa, siyo jina lake

«Hii ni Core i7, kaka.» Sentensi hiyo imeuza mashine nyingi za kizamani. Jina i7 halikuambii umri. Umri uko kwenye namba inayofuata: i7-2600 ni kizazi cha pili, i5-6500 ni cha sita, i5-8500 ni cha nane. Hiyo i5-8500 yenye viini (cores) sita inaishinda i7-2600 kwa mbali, ingawa kibandiko cha mbele kinaweza kukudanganya.

Mgawanyo wangu ni huu:

Kizazi cha 3 na kurudi nyuma: usinunue. Prosesa hizi hazina AVX2, seti ya maagizo ya hesabu za haraka, na zipo gemu zinazoukosa zikakataa kufunguka kabisa. Hapo hakuna mpangilio wa kupunguza utakaokusaidia.

Kizazi cha 4 (i5-4590, i7-4770, utazikuta kwenye OptiPlex 9020 na EliteDesk 800 G1): kwa bajeti iliyobana sana tu. Zinatumia RAM ya DDR3.

Kizazi cha 6 na 7 (i5-6500, i5-7500, OptiPlex 7050, EliteDesk 800 G3): hapa ndipo thamani ya hela ilipo kwa watu wengi. Nyingi zinatumia DDR4, na mashine nyingi za kundi hili zina tundu la M.2, lile dogo la kuchomeka SSD ya kasi moja kwa moja kwenye ubao mama.

Kizazi cha 8 (i5-8500, OptiPlex 7060, EliteDesk 800 G4): ukiweza kuongeza hela mahali pamoja tu, ongeza hapa. Viini sita badala ya vinne vinaonekana waziwazi kwenye gemu zenye watu wengi. Sababu nyingine ni Windows 11, ambayo kwa upande wa Intel inaanzia rasmi kizazi cha 8. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Valorant ikiwa ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vipengele viwili vya usalama wa mashine, viwe vimewashwa, na mashine za kizazi hiki zinavyo.

Tahadhari moja: herufi T mwishoni, kama i5-6500T, inamaanisha toleo la wati 35 lenye mwendo mdogo. Bei yake isilingane na ile isiyo na T.

Umefaulu ikiwa CPU-Z inaonyesha namba ile ile iliyo kwenye tangazo. Kibandiko cha nje hakihesabiki.

## Hatua ya 3: Pawa saplai ndiyo inayoamua

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hela za watu zinapopotelea.

Mwambie muuzaji, «Kaka, naomba nifungue ubavu nione pawa saplai.» Muuzaji mzuri hatakataa. Washa tochi, tafuta kibandiko kwenye boksi la chuma, na usome wati. OptiPlex 9020 taawa ina wati 290. EliteDesk 800 G1 taawa ina 320. OptiPlex 7050 taawa ina 240, lakini ndugu yake wa SFF ana 180 tu. Kwa mashine nyingine yoyote, amini kibandiko peke yake, kwa kuwa pawa saplai nyingi zimeshabadilishwa njiani.

Sasa piga hesabu. Prosesa ya i5 ya kawaida ya kizazi cha 6 hadi 8 ni wati 65, na ya kizazi cha 4 ni 84. Ubao mama, RAM, diski na feni vikadirie wati 40. Ongeza kadi ya grafiki. Jumla isizidi asilimia 80 hivi ya wati za kwenye kibandiko.

Mfano: 65 + 40 + kadi ya wati 75 = 180. Kwa pawa saplai ya wati 240 hiyo ni asilimia 75, uko salama. Kwa ile ya wati 180 umefika ukingoni kabisa, na mashine inaweza kujizima katikati ya mechi.

Kwa nini nataja wati 75? Kwa sababu hicho ndicho kiasi cha juu ambacho tundu la x16 hutoa lenyewe bila waya wa ziada. Mashine nyingi za ofisi hazina waya wa pini sita wala nane wa kadi. Kwa hiyo kanuni yako ni fupi: kadi ya wati 75 au chini, isiyo na tundu la waya wa umeme. Kwenye SFF pitia pia mwongozo wa mtengenezaji, maana baadhi zimewekewa kikomo cha chini ya wati 75.

Onyo la kwanza. Utauziwa adapta inayotoa umeme kwenye waya wa SATA, ule wa diski, na kuupeleka kwenye kadi ya pini sita. Usikubali. Plagi ya SATA imeundwa kubeba wati 54 tu kwenye volti 12, wakati kadi ya pini sita inaweza kuvuta hadi 75 kupitia waya huo. Plagi inayeyuka, na moto unaweza kuanzia hapo.

Onyo la pili. Usidhani utabadilisha pawa saplai baadaye kirahisi. OptiPlex 9020 inatumia plagi ya pini 8 kwenye ubao mama badala ya ile ya kawaida ya pini 24, na EliteDesk 800 G1 inatumia ya pini 6. Pawa saplai ya dukani haitaingia bila waya maalumu wa kubadilishia, na mara nyingine hata matundu ya skrubu hayakutani. Anayeanza asijiingize huko.

Umefaulu ikiwa una namba mbili kwenye karatasi: urefu wa kadi inayoweza kuingia, na wati za kadi inayovumilika.

## Hatua ya 4: Sasa chagua kadi ya grafiki

Kwa kanuni ya wati 75, uwanja unabaki na kadi chache. Hizi ndizo ninazozipendekeza.

RTX 3050 ya 6GB. Ilitoka 2024, inatumia wati 70, na matoleo mengi hayana tundu la waya. Ndiyo bora kwenye kundi hili. Usiichanganye na RTX 3050 ya 8GB, ambayo inakula wati 130 na lazima iwe na waya. Majina yanafanana, maboksi yanafanana. Soma GB na uangalie ubavu wa kadi yenyewe.

GTX 1650 ya 4GB. Ya mwaka 2019, wati 75. Kwa bajeti ndogo hii ndiyo ninayoipenda zaidi: inapatikana, ina matoleo mafupi kwa ajili ya SFF, na bado inapata dereva mpya (programu inayoiendesha kadi). Lakini kampuni kadhaa ziliitengeneza ikiwa na tundu la pini sita. Igeuze uitazame pembeni kabla ya kulipa.

GTX 1050 Ti ya 4GB. Ya mwaka 2016, wati 75. Bado inafanya kazi nzuri kwenye GTA V na Valorant. Ila NVIDIA imesitisha kuiandalia madereva mapya ya gemu tangu mwishoni mwa 2025, hivyo inunue tu ikiwa bei yake ni ya chini kwa wazi kuliko ya 1650.

RX 6400 ya 4GB. Wati 53, kwa hiyo inaziokoa mashine zenye pawa saplai dhaifu. Ina mapungufu mawili. Inatumia njia nne tu za PCI Express, na kwenye mashine hizi zenye PCIe 3.0 inapoteza sehemu ya kasi yake. Pili, haina sehemu ya kurekodi video, hivyo anayetaka kurusha gemu mubashara aiache.

GT 1030. Wati 30, kwa SFF ya wati 180 na gemu nyepesi. Hapa kuna mtego: lipo toleo la GDDR5 na lipo la DDR4. La DDR4 lina kasi ya kumbukumbu takribani theluthi tu ya mwenzake. Jina ni moja na muonekano ni mmoja, ila utendaji ni mbingu na ardhi. Kama boksi halijaandikwa GDDR5, liache.

### Namna ya kuitambua kadi ya bandia

Kuna kadi zinazouzwa kwa jina la GTX 1050 Ti ilhali ndani ni chipu ya miaka mingi nyuma, kama GTS 450, iliyobadilishiwa programu ili ijitambulishe kwa jina jipya. Windows yenyewe itadanganyika. Iwashe, fungua GPU-Z: ikiwa bandia, programu hiyo huandika [FAKE] mbele ya jina.

Hata kabla ya kuiwasha, tazama matundu ya nyuma. Familia ya GTX 10 haina VGA. Ukiona «1050 Ti» yenye lile tundu la bluu la VGA, rudisha mezani uondoke. Wenye monita za zamani ndio wanaonaswa zaidi na kadi hizi, kwa sababu wanafurahi kuona tundu linalolingana na monita yao.

Mwenye monita ya VGA pekee anunue kadi halali pamoja na adapta ya kubadilisha HDMI kwenda VGA, ile yenye chipu ndani. Ni ya bei ndogo.

Umefaulu ikiwa kadi ni fupi kuliko kipimo chako, haina tundu la waya wa umeme, na GPU-Z haijaandika [FAKE].

## Hatua ya 5: RAM iwe vipande viwili

Nenda na 16GB, yaani 8GB mbili. Kipande kimoja cha 16GB kinafanya kazi, lakini data inapita kwenye barabara ya njia moja wakati ubao una njia mbili. Kwenye gemu utaiona tofauti hiyo kama kukwama kwa ghafla unapogeuka haraka.

Kabla ya kununua soma kibandiko cha RAM. DDR3 na DDR4 haziingiliani, pengo lao liko sehemu tofauti, usilazimishe. Kisha tafuta herufi ya aina: kwa DDR3 inafuata namba za kasi, kwa DDR4 iko baada ya kistari cha pili. PC4-2400T-U au PC3-12800U ni ya kompyuta ya mezani, hiyo ndiyo yako. S ni ya laptopu. R ni ya seva: ni ya bei rahisi sana sokoni, inaingia kwenye tundu vizuri, na mashine haitawaka.

Umefaulu ikiwa ukurasa wa Memory kwenye CPU-Z unaonyesha njia mbili. Ikionyesha moja, hamisha kipande kimoja kwenda tundu jingine ujaribu tena.

## Hatua ya 6: SSD

Counter-Strike 2 peke yake inataka GB 85 za nafasi. Kwa hiyo SSD ya 256GB itajaa mapema. Tafuta ya 512GB. Ya SATA inatosha kabisa kwa kuanzia, na ikiwa ubao una tundu la M.2 la NVMe, aina ya kasi zaidi, basi chukua hiyo. Diski ya zamani iliyokuja na mashine ibaki kwa muvi na mafaili. SSD ya mtumba ifungue kwenye CrystalDiskInfo uone afya yake kwa asilimia na saa ilizofanya kazi.

## Hatua ya 7: Ukaguzi kabla ya kulipa

Mashine hizi zilikuwa mali ya ofisi, na ofisi nyingi huweka nenosiri kwenye BIOS, ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka. Iwashe mbele ya muuzaji, ubonyeze F2 kwa Dell, F10 kwa HP, au F1 kwa Lenovo. Ikidai nenosiri ambalo muuzaji halijui, chagua nyingine. Bila kuingia humo hutaweza kuwasha Secure Boot wala kubadilisha chochote cha maana.

Kisha chomeka flashi. CPU-Z kwa prosesa na RAM, CrystalDiskInfo kwa diski. Sikiliza feni: mlio wa kukwaruza ni feni inayokufa. Jaribu kila tundu la USB, la mbele na la nyuma. Tazama ubao mama kwa tochi, na ukiona vile vipande vya mviringo vimevimba juu, achana nayo.

Omba risiti iliyoandikwa namba ya mashine pamoja na muda wa kurudisha. «Nitakuandikia siku saba» ya mdomo haina uzito siku ya ugomvi.

## Hatua ya 8: Kufunga na kupima

Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha mara moja ili umeme uliobaki uishe, kisha gusa chuma cha kasha. Toa bamba la nyuma, sukuma kadi kwenye tundu la x16 hadi usikie mlio wa kishikizo, halafu ifunge kwa skrubu. Kadi isiyofungwa skrubu huinama, na picha hukatika.

Ukiwa ndani, toa vumbi kwa brashi na upake upya pesti ya joto kwenye prosesa. Iliyomo ina umri wa mashine yenyewe na kwa kawaida imeshakauka.

Chomeka monita kwenye kadi, siyo kwenye ubao mama. Wengi wanaosema «kadi haifanyi kazi» wamechomeka mahali pasipo sahihi. Kisha pakua dereva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD.

Washa FurMark kwa dakika 15. Unatafuta mambo matatu: mashine isijizime, picha isitoke madoadoa, na joto la kadi libaki chini ya nyuzi 85. Ikijizima ghafla mara mzigo unapoanza, chanzo ni pawa saplai. Rudi hatua ya 3. Joto likipanda bila kukoma, ni vumbi au hewa haipiti.

## Umeme wa nyumbani

Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, pawa saplai ndiyo inayopigwa kwanza. UPS (betri ya akiba ya kompyuta) ndogo ya 650VA inaumudu mzigo huu pamoja na monita kwa dakika chache, muda wa kuhifadhi kazi na kuzima. Chomeka hapo kompyuta na monita tu. Spika kubwa na feni ya chumba ziende kwenye ukuta.

## Hela ikiishia katikati

Nunua kwa mpangilio huu: mashine, SSD, kipande cha pili cha RAM, kisha kadi. Prosesa zilizotajwa hapa zina grafiki yake ndani, kwa hiyo utacheza Dota 2 na Valorant kwenye mipangilio ya chini wakati unakusanya hela ya kadi. RAM ya vipande viwili inasaidia zaidi katika kipindi hicho, kwa kuwa grafiki ya ndani inakopa kumbukumbu yake humo humo. Siku ya kununua kadi, karatasi yenye urefu na wati bado unayo. Nenda nayo dukani.